Mgosi wa Bibi Dorkasi

Kwa Wasambaa, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na asiyejua hilo aulize kabla hajaingia kwenye nyumba za watu akaanza kukodoa macho. Bibi akimwita mjukuu wake "mgosi wangu", yaani mume wangu, hana wazimu wala hajazeeka vibaya. Ni utani, na utani una kazi zake. Mume huyo ana haki ya kununa chakula kikichelewa. Ana haki ya kutishia kuongeza mke. Na bibi naye ana haki ya kumwambia mbele ya wageni kwamba tangu azaliwe hajaona mwanamume mvivu kama huyu aliyepewa. Siku bibi akifa, mume huyo ana kazi moja ambayo hakuna wa kumfanyia: jeneza likitaka kutoka nyumbani, asimame mlangoni alizuie. Adai mke wake. Aringe, atukane kidogo, aseme yeye hana shida, kesho anaoa kigoli, mpaka watu wacheke na kulia kwa pamoja. Ndipo wamkomboe kwa kitu, hata kuku, naye apishe.

Bibi Dorkasi wa mtaa wa Makorora alikuwa na mgosi mmoja tu, Noa. Wajukuu wengine wote walikuwa wa kike. Alimlea tangu hajaota meno, kwa sababu Ruthi, mama yake Noa, alikuwa na mgahawa Horohoro mpakani, na mpakani si mahali pa kulelea mtoto. Bibi mwenyewe aliteremka kutoka Lushoto akiwa bibi harusi, akauza peasi na fyulisi sokoni mpaka magoti yalipomgomea. Uzeeni alibakiwa na meno mawili, na Noa alikuwa akimwangalia hivi, anatikisa kichwa, anamwambia, "Mimi nilioa mwenye meno. Wewe umetoka wapi?" Bibi anacheka mpaka anashika ukuta.

Kijana alipochaguliwa kwenda chuo kikuu cha serikali, Dar es Salaam, Bibi alimfungia begi kwa mikono yake, akamwambia, "Nenda kasome. Ila siku yangu, popote utakapokuwa, uje unizuie mlangoni. Usiniache nikatoka hivi hivi kama mtu asiye na mwenyewe."

"Nitakuzuia mpaka unuke," Noa akasema.

"Hapo sawa," Bibi akasema, akafunga zipu.

Ahadi ndiyo hiyo, na hadithi yote hii ni ya ahadi hiyo.

Alikwenda kusomea Shahada ya Sanaa, falsafa na historia. Mjomba wake Anold, karani wa bandarini, mtu wa shati la kunyooshwa na kalamu mfukoni, alihuzunika waziwazi. Yeye alitaka uhasibu. "Ukimaliza hiyo falsafa, nani atakuajiri? Mawazo?" Bibi naye akauliza falsafa ndiyo mdudu gani. Noa akamwambia ni kujifunza kufikiri. Bibi akamgeukia jirani yake, Bi Mwanamkasi, aliyekuwa anamenya viazi vya kachori pale barazani, akasema, "Unasikia? Mume wetu anapelekwa Dar kufundishwa kufikiri. Siku zote hizo alikuwa anafanya nini?"

Bi Mwanamkasi ni Mdigo, na Mdigo kwa Msambaa ni mtani. Miaka yote alijiita mke mdogo wa Noa, mke mwenza wa Dorkasi. Doti moja ya kanga walinunua wawili, wakaikata, kila mmoja akavaa kipande chake. Walisutana na kupatana kwenye baraza ile moja mpaka watoto wa mtaani wakadhani kweli ni wake wenza.

Mwaka wa kwanza Noa alikuwa na moto. Alisoma watu waliokufa zamani wakibishana haki ni nini na wema ni nini, na usiku anampigia Bibi kumhadithia. Bibi anasikiliza, kisha anauliza, "Na mkewe alikuwa anasemaje?" Vitabu havikusema. Wanacheka wote wawili, salio linakwisha.

Mwaka wa pili ukaja na ganzi.

Msiniulize imetoka wapi. Hakufiwa, hakuachwa na msichana, hakufeli. Ukumbi wa mihadhara ulijaa hata wengine wakakaa madirishani, sauti ya mhadhiri ikafika nyuma kupitia kipaza sauti ikiwa imechoka, lakini tusikisingizie chuo: wenzake walikaa kwenye madirisha yale yale na wakaendelea kupendana, kugombana na kuimba mabwenini. Yeye tu. Ganzi ya mguu kila mtu anaijua, unasugua, unapigapiga chini, inaondoka na sindano zake. Hii ilimkamata kifuani, na kifua unakipigaje chini? Asubuhi anaamka, anaoga, anakwenda darasani, anaandika, anakula, analala. Akichekeshwa anajua hapa ndipo pa kucheka, anacheka. Alama zake zilipanda.

Ndipo akaandika ile insha. Semina ilitaka kila mmoja aeleze desturi moja ya kwao, naye akaandika juu ya utani wa mazishini. Akamweka Bibi Dorkasi humo kama mfano. Alieleza kwa nini watu hucheka jeneza likizuiwa, cheko hilo linampunguzia nani uzito gani, na jamii inapata nini. Alieleza vizuri mno. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa zima, akamwambia ana kichwa. Noa akasema asante, akarudi kwenye kiti.

Wiki ile ile Bibi alimpigia. "Mgosi wangu, nasikia wasichana wa huko wana makalio na elimu. Nianze kufungasha virago?"

Zamani Noa angejibu kabla hajamaliza. Safari hii akasema, "Bibi, unajua kwa nini huwa unaniita mgosi?" Akaanza kumfafanulia. Kwamba baina ya wazazi na watoto pana heshima inayobana, kwa hiyo jamii huwaachia babu na bibi mlango wa mzaha ili vizazi visigongane. Alizungumza kitambo. Upande wa pili ilisikika redio tu ya Bi Mwanamkasi kwa mbali.

"Haya, mwalimu," Bibi akasema. "Ulale salama."

Wiki haikuisha. Noa alikuwa kwenye meza ya mama ntilie nje ya geti la chuo, na sahani ya wali maharage mbele yake, simu ikaita. Ni Mjomba Anold.

"Noa, bibi yako ametutoka. Alfajiri hii. Presha."

"Sawa, mjomba," Noa akasema.

"Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba. Poleni. Nakuja."

Akakata simu. Akaangalia wali. Alingoja kitu kije, kama mtu aliyejigonga kidole anavyongoja maumivu, maana huchukua muda kidogo kufika. Hayakuja. Akachukua kijiko akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, akalipa, akaingia kwenye kipindi cha saa nane kwa sababu kilikuwepo. Basi alipanda kesho yake asubuhi. Njiani alilala.

Huyo ndiye mume aliyetegemewa amlize na kumchekesha mtu.

Makorora walikuwa wamekwisha funga turubai kuvuka uchochoro mzima. Makanisa na misikiti haibaguani pale kwenye msiba. Mbuzi alichinjwa na Mzee Kombo, mume wa Bi Mwanamkasi, ili Waislamu nao wale bila wasiwasi, na mabenchi ya usharika wa Kilutheri yamepangwa sambamba na mikeka ya jirani. Noa alipotokea na begi, wanawake walinyamaza. Si kwa majonzi. Walikuwa wanangoja. Mgosi wa marehemu akifika hupaswa kuingia na fujo: nani kamruhusu mke wangu kufa, nani alimpa ruhusa, mimi nimerudi na njaa na jiko limezimwa. Mabinti, wajukuu wenzake, walikwisha kaa mkao wa kujibizana naye.

"Shikamooni," Noa akasema. "Poleni na msiba."

Wakaitikia marahaba moja moja, wakitazamana. Mama yake akainuka mkekani akamkumbatia, analia. Noa alimshika mabega na kumpapasa mgongoni kama inavyotakiwa. Alihesabu matofali ya ukuta wa mbele.

"Amechoka na safari," Ruthi akawaambia wenzake, akijifuta. "Mwacheni apumzike."

Bi Mwanamkasi alikuwa kwenye masufuria, amejifunga kile kipande chake cha kanga. Alimtazama tu, kisha akaendelea kuchagua mchele.

Jioni ile Mjomba Anold alimwita kando. "Kesho watakuja watu wa ofisini kwangu, na wazee wa usharika. Nataka wasifu wa marehemu usomwe kiheshima, si ule wa alizaliwa, akafa, tumshukuru Mungu. Wewe ndiye msomi wetu. Uandike, usome."

"Sawa, mjomba."

"Anold," Bi Mwanamkasi akasema kule kwenye masufuria, bila kuinua kichwa. "Mume wa marehemu hasomi wasifu. Mume ana kazi yake."

"Bi Mwanamkasi, kwa heshima zote, hayo ya kuzuia majeneza ni ya zamani. Kesho tuna wageni. Mtoto ameshakuwa mtu mzima, anasoma chuo kikuu, tumsimamishe mlangoni afanye vichekesho?"

"Ahadi si yangu wala si yako. Muulize mwenyewe."

Anold akamgeukia. "Noa, wewe unasemaje?"

Hapa ndipo ungetegemea mtu aseme kitu. Noa aliikumbuka ahadi vizuri, neno kwa neno, na zipu ya begi. Alijua pia kwamba ndani yake hakuna cha kuzuilia hata mlango wa banda la kuku. Atasimama pale, watu wote wanamtazama, atafungua kinywa, halafu? Ataonekana. Watu wataona kwamba mume wa Dorkasi ni gogo. Akaona wasifu ni karatasi, na karatasi unaweza kujificha nyuma yake.

"Nitaandika wasifu, mjomba," akasema.

Bi Mwanamkasi akapepeta mchele.

Aliandika kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Aliketi kwenye kitanda cha Bibi, maana ndicho kilichokuwa kitupu, na maneno yakaja yamepanga mstari: marehemu alikuwa miongoni mwa wanawake wa milimani walioshuka pwani katika kipindi cha mabadiliko ya kiuchumi, akachangia usambazaji wa mazao ya bustani mjini, akawa nguzo ya ujirani mwema baina ya dini na makabila. Akampa mama yake asome. Ruthi alisoma taratibu, akarudia, akakunja karatasi.

"Umeandika vizuri, baba," akasema. "Ila mama mwenyewe sijamwona humu."

Noa akasema atarekebisha. Hakurekebisha. Alilala palepale, na harufu ya mafuta ya nazi kwenye mto, akalala kama jiwe mpaka kulipokucha.

Asubuhi mwili uliletwa, ukawekwa sebuleni, watu wakaaga kwa mstari. Noa naye alipita. Walimvisha Bibi gauni jeupe, na juu ya kifua wakamkunjia kipande chake cha kanga, ile nusu yake. Mdomo ulikuwa umefungwa, meno mawili hayaonekani. Noa alitazama, kisha akasogea, maana nyuma yake kulikuwa na foleni.

Kisha akasimama barazani na kipaza sauti akasoma. Jamani, alisoma. Sauti haikutikisika, alipumzika penye mkato na nukta, na watu wa bandarini walitikisa vichwa kwa kukubali. Mzee wa usharika alimnong'oneza Anold kwamba kijana ameiva. Anold alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kifo. Kwenye mikeka wanawake walisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya serikali, kwa adabu, wakipunga nzi. Alipomaliza, hakuna aliyelia.

Mwinjilisti akaangalia saa, akatoa ishara. Vijana wa usharika wakaingia sebuleni wakainua jeneza. Kwaya ikaanza. Noa alisimama pembeni ya mlango, mgongo ukutani, karatasi imekunjwa mkononi.

Jeneza likafika mlangoni.

Mlango wa Bibi Dorkasi ni mwembamba, na wabebaji ilibidi wasimame wapange miguu, wa mbele watangulie ngazi. Hapo kwaya ikapungua yenyewe. Wanawake waliinua macho. Wale mabinti wakamtazama binamu yao. Noa alijua kila mmoja anangoja nini, na wabebaji walipokwisha panga miguu wakapiga hatua moja nje.

"Ngojeni kwanza," Bi Mwanamkasi akasema kutoka mkekani. Hakupaza sauti. "Nauliza tu. Huyu bibi alikuwa hana mume?"

Wabebaji wakasimama, jeneza nusu ndani nusu nje. Anold akasogea haraka, "Bi Mwanamkasi, tafadhali," lakini mwinjilisti, ambaye naye ni Msambaa wa Soni na bibi yake alizikwa kwa desturi hiyo hiyo, alimshika mkono. Bibi Dorkasi alikuwa anatoka hivi hivi, kama mtu asiye na mwenyewe, na kila mtu aliona.

Noa akasogea. Miguu ndiyo iliyosogea. Akapanda ngazi, akasimama mbele ya jeneza, akatandaza mikono kuziba njia. Akawatazama wabebaji. Akajitafuta ndani. Alikuta ile insha, aya kwa aya, cheko linapunguza uzito gani kwa nani. Mzaha hata mmoja hakuna. Alitafuta uchungu, akasema basi hata uchungu utanipa la kusema, nao hakuna. Mtoto akakohoa huko mikekani.

Basi akasema lililokuwepo.

"Mimi sina uchungu," Noa akasema. "Hata kidogo."

Mwanamke mmoja akaguna. Mwingine akacheka, cheko fupi la puani.

"Nilipigiwa simu nikaambiwa amekufa. Nilikuwa nakula wali maharage." Alikuwa anaongea taratibu, uso umekauka. "Nikamaliza sahani."

Cheko likapasuka kwenye mikeka. "Mwanamume huyo!" binamu mmoja akadakia. "Kumbe tumbo kwanza!"

Noa alimtazama kama asiyeelewa. "Nikaenda darasani," akaendelea. "Nikaandika yote aliyosema mwalimu. Ndani ya basi nililala kutoka Dar mpaka hapa. Jana nimelala kwenye kitanda chake, nikalala fofofo."

Sasa hata mabenchi ya wanaume yalikuwa yanatikisika. Mabinti wanapiga makofi, "Kitanda hakijapoa, jamani!" na "Ameshapata mwenye meno, huyo!" Watu wa bandarini, ambao hawakuambiwa kitu, walitazamana kwanza, kisha nao wakachekea viganjani. Ruthi alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, anajipigapiga mapajani, anasema, "Mama, unamsikia mumeo? Unamsikia?" na wanawake waliomzunguka wakaanza kulia, kilio kikubwa ambacho wasifu haukukifungua, kikichanganyika na cheko hata usijue kipi ni kipi. Na kila Noa alipoongeza kweli moja, uchochoro ulizidi kuanguka. Alisema hajatoa chozi. Wakaanguka. Alisema alipomuaga asubuhi aliona kuna foleni nyuma, akapisha. Mzee Kombo akavua kofia akajifutia macho.

Noa alikuwa anawaona wote. Alikuwa anawaambia kitu ambacho hajamwambia mtu tangu kianze, mbele ya mtaa mzima, kwa lugha nyepesi kabisa, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Mjomba Anold, kalamu mfukoni, macho mekundu, alisogea kama desturi inavyotaka. "Haya, mgosi, tumekusikia. Unataka nini utupishe?"

"Sitaki kitu," Noa akasema.

Hilo sasa si jibu. Mtani lazima adai. Cheko likayumba, watu wakatazamana, na kwa nukta moja uso wa Ruthi ulianza kubadilika.

"Hataki kitu!" Bi Mwanamkasi akasema, akainuka mkekani na magoti yake mabovu. "Si niliwaambia hakumpenda? Mimi ndiye anayenitaka." Cheko likarudi. Alifika ngazini, akajifungua kile kipande chake cha kanga kiunoni, akabaki na gauni, akamtupia Noa mabegani. "Chukua mahari yako, tupishe tumsindikize mwenzangu."

Akamshika mkono, akamtoa mlangoni. Jeneza likapita.

Walizika. Walirudi. Wali wa msiba ukapakuliwa kwenye masinia, na kila aliyepita karibu na Noa alimpiga begani. Mgosi, umetuua. Mgosi, bibi amekwenda kama malkia. Mjomba Anold alikiri mbele ya wenzake wa bandarini kwamba msiba wa namna hii hajauona, na kwamba hiyo falsafa huenda ina kazi yake. Ruthi alimshika mashavu mawili akamwambia, "Mama angefurahi leo," na Noa akasema ndiyo. Kisha akachukua sahani yake akaenda uani, nyuma ya jiko, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ile kanga bado ilikuwa mabegani.

Bi Mwanamkasi alimfuata huko, akajishusha kwenye kigoda, akanyoosha mguu mmoja.

"Mimi sikucheka," akasema.

Noa akamwangalia.

"Yale ulikuwa unayasema kweli."

Ingekuwa rahisi kukataa. "Ndiyo, bibi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Bi Mwanamkasi akatikisa kichwa taratibu. Hakumwambia pole, hakumwambia aombe Mungu, wala hakuuliza sababu. Alichomoa ukindu kwenye mkeka uliokuwa umeegeshwa ukutani, akawa anaukunja.

"Mwenzangu alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Siku ile mlipoongea kwa mara ya mwisho. Aliweka simu chini pale barazani. Nikamwuliza mumeo anasemaje. Akaniambia, 'Mwanamkasi, mgosi wangu anaumwa. Siku hizi nikimtania, ananieleza.'"

Kutoka uchochoroni vilisikika vijiko na masinia, na mtu anaigiza kwa wengine jinsi mgosi alivyosimama mlangoni. Noa alikuwa ameshika tonge. Haya, mwalimu, Bibi alisema siku ile. Ulale salama. Miaka yote alimwita mgosi, akiwa na homa, akiwa na hasira, hata siku alipomchapa kwa fimbo ya mpera, na mara ya mwisho kabisa alimwita mwalimu. Na yeye alikuwa amesikia, akaaga, akazima simu, akalala salama.

"Alisema atakupigia tena Jumapili, akujaribu," Bi Mwanamkasi akasema. "Jumapili hakuifikia."

Noa alikaa na tonge lake. Bi Mwanamkasi akamsukuma bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisukumana wao wawili pale barazani.

"Sasa wewe mjane," akasema, "utaoa lini?"

Kichwani mwa Noa maelezo yalikwisha jipanga, mjane ni nani kwa mujibu wa desturi, anakaa muda gani, kwa nini. Alifungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama yule mama, kichwa kimefungwa kitambaa, mapengo yanaonekana hata hajacheka.

"Nitaoa nini?" akasema. "Nilikuwa na wawili. Mwenye meno mawili ndiye mmemzika. Mmeniachia asiye na hata moja."

Bi Mwanamkasi akacheka sasa, kicheko chake kile cha kupiga paja, mpaka kigoda kikalia. "Mshenzi wewe," akasema. "Kula."

Noa alipeleka tonge mdomoni. Akatafuna. Likafika kooni likakataa kushuka, akameza, likakataa, akainama mbele na mkono kinywani, na ile kanga ikamteleza begani ikaanguka vumbini. Mabega yalianza kutikisika. Bi Mwanamkasi hakumshika. Aliokota kanga akaikung'uta, akamrudishia mgongoni, akaipokea sahani mikononi mwake. Ilikuwa imejaa bado.

Aliifunika kwa kawa, akaiweka juu ya meko penye joto, akaenda kuwasaidia wenzake kuosha masufuria.